Kichwa cha Treni Kilichopakwa Wanja

Wiki mbili zilizopita simu yangu iligoma kuchaji, nikaipeleka Kariakoo kwa fundi mmoja mwenye meza isiyozidi upana wa sinia, kwenye korido ya ghorofa. Alipogusa waya kwa ncha ya moto, moshi mwembamba ukapanda na harufu ya lehemu ikaniingia puani. Nikajikuta nacheka peke yangu. Fundi akainua macho.

"Vipi, dada?"

"Poa tu. Endelea na kazi."

Sikuweza kumweleza kwamba kwangu mimi hiyo ni harufu ya Jumamosi. Lakini wewe ngoja nikusimulie, maana najua hukimbilii popote.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo hiyohiyo, katika nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani bomba moja la maji kwa wote. Sisi tulipanga vyumba viwili vya nyuma. Asubuhi ulikuwa unaamshwa na magurudumu ya mikokoteni na sauti za wabeba mizigo wakisema pisha, pisha, hata kama barabara nzima ni tupu. Saa nne ukumbi mzima unanuka vitunguu. Saa kumi na nusu Baba anaingia, na vitunguu vyote vinashindwa na harufu ya dizeli.

Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, upande wa vichwa vya treni vya dizeli. Alikuwa anarudi kwa miguu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na Mama hakumruhusu kugusa hata mlango kabla hajasugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga pale bombani. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwagia maji kwa kopo. Nilikuwa na miaka kumi, mtoto pekee, na nilijua majina ya vyuma vya ndani ya injini kabla sijajua kusuka nywele.

Chumba cha mbele alikaa jirani aliyeuza mitumba. Siku moja alifungua robota akakuta halina nguo hata moja, limejaa midoli ya watoto wa Ulaya. Katikati ya midoli iliyokatika mikono kulikuwa na kichwa cha treni cha plastiki, kirefu kama kiganja na nusu, chekundu, kimeandikwa maneno ya kigeni ubavuni. Pamoja nacho kulikuwa na mabehewa mawili na mfuko wa vipande vya reli. Jirani akabisha hodi kwetu.

"Fundi, wewe si ndiye uliyelitengeneza feni langu? Chukua ndugu yake na zile injini zako."

Baba alikigeuza kile kichwa, akaviangalia vigurudumu vyake kwa muda mrefu, akaniita nilete bisibisi ndogo ya cherehani ya Mama. Ndani kulikuwa na mota ndogo yenye waya iliyokatika. Akailehemu. Akaunganisha betri za redio. Vigurudumu vikazunguka hewani, na Baba, mtu mzima mwenye ndevu, akatabasamu kama aliyepewa pipi.

Miezi michache baadaye Bibi, mama yake Baba, akaja kutoka Tabora kutibiwa magoti. Alikuja kwa treni, siku mbili njiani, na aliposhuka miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vimeshindwa kuvaliwa. Daktari akamwambia asiwaze safari ndefu mpaka amalize matibabu, na matibabu yenyewe yangechukua mwaka au zaidi. Bibi akakubali kwa mdomo tu. Akawa anakaa kwenye kigoda kule uani, anachambua mchele wa watu wote wa nyumba ile, na kusikiliza mji.

"Huku kwenu watu wanazunguka tu," aliniambia. "Simwoni hata mmoja anayefika."

Lazima nikueleze Bibi alikuwa nani. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliuza kuku wa kuchoma, viazi vitamu na asali ya chupa kwenye stesheni moja ndogo, kabla hujafika Tabora mjini. Treni ikisimama anakimbia dirisha hadi dirisha, sinia kichwani. Maisha yake yote yalipangwa kwa mlio wa honi. Sasa honi hakuna, kuna muadhini, wauza maji na redio za maduka, na Bibi akaanza kunyamaza. Chakula akawa anakigusa tu. Mama alimwambia Baba, nami nikasikia, kwamba mzee asipopata la kufanya atatufia mikononi huku magoti yanapona.

Sijui kama Baba aliunganisha mambo hayo mawili kichwani au yalijiunga yenyewe. Ninachojua ni kwamba Jumamosi iliyofuata alileta mbao za kreti la friji, akatengeneza ubao mpana kama kitanda cha watu wawili, akapigilia reli juu yake kwa misumari midogo, akauning'iniza kwa kamba nne juu darini katika chumba chetu cha kwanza. Siku za kazi ubao ulikaa juu, nasi tukaishi chini yake. Jumamosi na Jumapili unashushwa. Kwa kuwa chini kulijaa kitanda na masanduku, ukishushwa ilibidi uvutwe pembeni hadi ncha moja itokeze mlangoni na kuingia ukumbini, ikabidi kila mwenye jiko asogee. Ilikuwa kazi yangu kutangaza. Nilisimama ukumbini na kusema, "Jamani, treni inashuka," na wanawake wakainua masufuria yao bila kugombana.

Bibi alisogezwa na kigoda chake hadi pembeni ya ubao. Akakitazama kile kichwa chekundu kikizunguka mara tatu. Sote tukasubiri.

"Hii pipi," akasema. "Treni iko wapi?"

Basi ndipo kazi ilipoanza.

Baba alisema atakigeuza kichwa kile kiwe mojawapo ya vile anavyovitengeneza karakanani. Alikata pua yake kwa msumeno wa chuma, akaibandika upya ikiwa fupi. Paa lilikuwa la duara, akalisugua kwa msasa hadi likalala. Wavu wa kupitishia hewa ya injini ulitoka kwenye chujio la chai la Mama, ambalo Mama alilitafuta wiki nzima. Honi mbili zilikuwa ncha za kalamu za wino. Tanki la mafuta lilikuwa boksi la dawa za magoti za Bibi, lililopakwa gundi mpaka likawa gumu kama mbao. Ngazi za dereva zilikatwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na vyuma vya kushikia vikawa waya wa simu, uliochunwa na kunyooshwa kwa kuviringishwa chini ya ubao wa kukatia mboga. Chumba kilijaa harufu ya lehemu, gundi na chai ya tangawizi.

Baba alidhani anafanya peke yake. Hakujua kwamba amekaa na mkaguzi.

"Hivyo vyuma umeviweka chini," Bibi alisema siku ya pili.

"Mama, mimi nashinda na vichwa hivi kila siku."

"Wewe unavifungua, mwanangu. Mimi nilikuwa naviangalia vikija. Dereva wa treni ya jioni alikuwa ananing'iniza kikapu chake pale, na mimi nilikuwa nasimama kwa ncha za vidole ndiyo nikifikie."

Jumatatu Baba alikwenda kazini na rula mfukoni. Jioni, baada ya kuoga, akachukua koleo, akaviondoa vile vyuma kimyakimya na kuvipandisha juu kidogo, upana wa punje mbili za mchele. Bibi aliendelea kuchambua mchele wake kama hajaona. Lakini usiku ule alikula hadi ukoko.

Kuanzia hapo ikawa kila jambo linapita kwake. Taa ya mbele iko katikati mno. Kioo cha dereva kina kope, yaani kibati kidogo cha kuzuia jua, umekisahau. Mlango wa upande wa kushoto huwa hauna rangi chini, kwa sababu madereva wanausukuma kwa buti. Baba alijua kilichomo tumboni mwa kichwa cha treni, Bibi alijua uso wake, na mimi nilikaa katikati yao nikishika vitu vidogo kwa kibanio cha nyusi, maana mikono yao wote wawili ilikuwa mikubwa.

Rangi ilipofika, nikapewa cheo. Baba alipaka kijani mwili mzima kwa brashi iliyopunguzwa nywele, akaniambia mkanda wa njano wa ubavuni ni wangu, kwa kuwa mkono wangu hautetemeki. Nilishikilia pumzi. Ukatoka vizuri hadi chini ya dirisha la dereva, hapo kuku wa jirani akaruka mlangoni, nami nikashtuka, mkanda ukafanya kiwiko. Nikataka kulia. Baba akasema kitabaki hivyohivyo, hata kazini mafundi wa rangi wanapiga chafya.

Kichwa kilipokauka kilikuwa kinang'aa. Baba alikiweka dirishani, akasimama mbali akikitazama.

"Injini safi hivi haijatoka mahali," Bibi akasema.

Akaomba wanja wa Mama. Akaomba poda, na kipande cha tofali, akakisaga kwenye kinu cha iliki. Kwa kijiti cha wanja akaanza kukipaka masizi pale moshi unapotokea, kisha nyuma ya honi, kisha kwenye mikunjo ya wavu, kama anayempamba bibi harusi. Vumbi la tofali akalichanganya na poda, akalipuliza chini kwenye vigurudumu na tanki. "Hili la Dodoma," akasema. Akapuliza tena. "Na hili la Manyoni." Baba hakuweza kuangalia rangi yake ikichafuliwa. Alitoka akaenda kusimama ukumbini, na kila baada ya dakika akawa anauliza kama tayari.

Aliporudi, alikaa kitako. Kile kitu juu ya meza kilikuwa kimepoteza udoli wote. Kilikuwa kimechoka. Kilikuwa kimetoka safari. Baba akasema, "Mama, umekiweza," na Bibi akajifuta mikono kwenye khanga.

Sasa nikueleze nilichokifanya.

Idi ilikuwa inakaribia. Baba alikuwa amewaalika wenzake wa karakanani na madereva wawili waje Idi pili, wale pilau na waione treni. Siku tano kabla ya Idi yenyewe akaitwa ghafla, kichwa cha treni ya mizigo kimezimika huko Kilosa, akaondoka na mkoba wake wa spana. Nikabaki na ule mkanda wenye kiwiko. Kila nilipokitazama kichwa niliona kiwiko tu. Niliwaza madereva watakavyouliza nani kapaka hapa, na Baba atakavyolazimika kunitaja.

Nikaenda kwa jirani mwingine, mwenye saluni, nikaomba asetoni kidogo, ile ya kutolea rangi ya kucha. Akanipa kwenye pamba bila kuuliza. Nikaifuta ile njano polepole. Njano ikatoka. Kijani nacho kikatoka. Halafu plastiki yenyewe ikaanza kuvutika na pamba, ikawa kama ugali wa moto, na nilipoinua mkono, ubavu wa chumba cha dereva ulikuwa umeyeyuka. Pale palipokuwa na mlango pakawa na kovu.

Nilikifunga kichwa kwenye gazeti nikakificha ndani ya ndoo ya unga. Siku mbili hata futari sikula vizuri. Nikisikia mlango wa mbele unafunguliwa nakimbilia kusimama mbele ya ile ndoo.

Siku ya tatu Bibi aliomba unga wa uji, na kabla sijanyanyuka, Mama akamsogezea ndoo yenyewe. Mkono wa Bibi ukaingia, ukasimama. Akaniangalia. Akasubiri Mama atoke kwenda bombani.

"Mke mwenzangu," akasema taratibu, "treni yetu imekwama kwenye theluji?"

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Nikamweleza yote, asetoni, pamba, kiwiko. Nikamwomba amwambie Baba kwamba imeanguka yenyewe.

"Hilo sisemi," alisema. "Baba yako utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, mara tu akishanawa mikono. Lakini hatutampokea na kidonda kilicho wazi. Lete lile kopo la maziwa."

Tulikaa uani alasiri nzima. Bibi alishika, mimi nikakata bati kwa mkasi, kipande kidogo kuliko stempu, nikakisugua kingo zake sakafuni. Akaniambia bati tupu halitoshi, vichwa alivyoviona yeye vikizibwa kiraka vilikuwa na ribiti, ile misumari ya kushikizia bati, pande zote, kama vifungo vya kanzu. Nikalilaza bati juu ya kandambili, nikabonyeza kwa ncha ya msumari kutoka nyuma, na upande wa mbele kikatokeza kichunusi. Kingine. Kingine. Niliharibu vipande vinne. Cha tano tukakibandika juu ya kovu, nikakipaka kijani kilichobaki kwenye kifuniko cha kopo. Kwa kukosa masizi na vumbi, hakikufanana na kijani cha zamani. Mkanda wa njano sikuurudisha.

Baba alirudi siku ya mwisho ya mfungo, amekonda, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikammwagia maji. Akasugua mikono. Nikawa namwaga maji miguuni pake badala ya mikononi, akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia.

Akaenda ndani, akakichukua kichwa, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba juu ya kile kiraka, mara moja, mara mbili. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mchele magotini, hajachambua hata punje.

"Nani kapiga hizi ribiti?"

"Mimi."

"Na nini?"

"Msumari. Na kandambili."

Akazihesabu. "Ziko sita. Kiraka cha ukubwa huu kinatakiwa kiwe na nane. Sita zitang'oka Morogoro tu."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akavuta kigoda, akakaa, akatoa ubao wa kukatia, akaniambia nilete bati lingine. Tukapiga nane. Alinionyesha kupima kwanza kwa uzi ili zilingane, kisha kubonyeza zile za pembeni kabla ya zile za kati. Usingizi wa siku nne ulikuwa unamwangusha kichwa, lakini hakusimama mpaka ya nane ikatokeza, na kiraka kipya kikabandikwa na kupakwa kijani kilekile. Kuhusu asetoni alisema jambo moja tu, kwamba siku nyingine nimuulize, maana na yeye aliwahi kuunguza kitu kikubwa kuliko hicho, na kitu hicho hakikuwa cha plastiki.

Idi pili nyumba ilijaa. Wenzake walikuja na watoto wao, hata wale Wakristo wa Kilimanjaro waliokuwa naye zamu moja, wakala pilau, ubao ukashushwa. Kichwa kikaanza safari, na Bibi akaanza kutaja stesheni kwa ile sauti yake ya zamani ya kuuzia: Pugu, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Alikuwa ameniandalia sinia la kashata, na kila alipotaja stesheni mimi nikapita kwa wageni nikiuza bure. Dereva mmoja, mzee mwenye kofia ya kiua, aliinama mpaka pua ikakaribia reli.

"Hiki si kile chetu kilichogongwa na lori kwenye makutano?" akauliza. "Kile cha kiraka?"

"Hichohicho," Baba akajibu, hata kope haikutikisika.

"Walikiziba vibaya kweli, kijani hakikufanana." Akacheka, akakifuata kwa macho mzunguko mzima. "Nilikiendesha miaka sita. Mlango wake ulikuwa haufungi."

Bibi alinitazama juu ya vichwa vya watu. Sijawahi kupewa zawadi ya Idi nzuri kuliko ile.

Magoti yalipona, polepole. Mwaka uliofuata, baada ya mvua, daktari akamruhusu. Alipokuwa anafunga mizigo akasema anakitaka kile kichwa.

"Mama, kule huna reli wala betri," Baba akasema. "Utakitembeza wapi?"

"Sitaki kitembee, mwanangu. Nataka kifike."

Tukakifunga kwenye khanga mbili na boksi la viatu, tukamsindikiza stesheni. Alikipakata mwenyewe. Treni ilipoondoka hakupunga mkono, alikuwa ameshaanza kumweleza jirani yake wa kiti kilichomo ndani ya boksi.

Baba alitafuta kichwa kingine kwenye marobota kwa muda, hakupata. Ubao ukabaki darini, tukauwekea masanduku. Kisha wenye nyumba wakauza kiwanja, kila mpangaji akaenda upande wake, sisi tukahamia Mbagala, na pale petu sasa pana ghorofa la maduka ya mabegi. Jirani wa mitumba sijui yuko wapi. Yule wa saluni nilisikia amerudi kwao Rombo. Wanangu wamekulia kwenye nyumba yenye geti, na mtu akipika jirani hatujui anapika nini. Nyumba ni nzuri, sisemi uongo. Lakini hakuna hata siku moja ambayo nimelazimika kumwomba mtu asogeze jiko.

Bibi alifariki nikiwa chuoni. Tulipokwenda Tabora kuzika, Baba alimuuliza shangazi kuhusu kile kichwa. Shangazi akaona haya. Akasema Bibi alikuwa anawapa watoto wote wa pale mtaani wakichezee, anayetaka anakivuta kwa kamba mchangani, na mwisho vigurudumu vikatoka, kisha paa, kisha hakuna aliyejua kimeishia wapi. Nilimwangalia Baba, nikitegemea atasikitika.

"Watoto wenyewe walikuwa wangapi?" akauliza.

"Wengi, kaka. Walikuwa wanabadilishana."

Baba akatikisa kichwa, akaukunja mkeka wa msiba, akasema basi ni sawa. Baadaye alinichukua tukatembea hadi kwenye ile stesheni ndogo ambako mama yake aliuza kuku. Haina tena muuzaji hata mmoja, treni za siku hizi hazisimami pale. Tulikaa kwenye ukingo wa jukwaa, miguu inaning'inia, tukala viazi tulivyobeba kutoka msibani, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Dar, Baba akalia.